Tabora ya ndani ya kompyuta

Mtu aliyekulia Tabora hapaswi kusumbuliwa na butiloda. Treni ya reli ya kati hutoka Dar es Salaam ikiwa moja, ikifika hapa inakatwa. Mabehewa ya Mwanza yanafungwa kichwa chake na kushika njia ya kaskazini, ya Kigoma yanashika ya magharibi, na ya Mpanda yanafuata njia hiyohiyo ya magharibi mpaka Kaliua ndipo yachepuke. Abiria aliyekuwa usingizini anakuja kushtuka yuko Shinyanga au Uvinza, hana habari ya vyuma vilivyogongana usiku pale stesheni. Wala hana haja ya kuwa nayo, ilimradi mabehewa yamepangwa sawa.

Kompyuta yenye mifumo endeshi miwili, tuseme Windows na Ubuntu (mojawapo ya zile ziitwazo Linux), nayo ina Tabora yake. Ndiyo hiyo butiloda: programu ndogo inayokaa kati ya mashine na mifumo, kazi yake kuuliza "unakwenda wapi?" kisha kukabidhi usukani. Mfano wangu unapwaya mahali pamoja. Treni ikikatwa hapa, pande zote husafiri. Ndani ya kompyuta unasafiri upande mmoja tu, na mwingine unabaki umelala kwenye diski mpaka uzime na kuwasha tena.

Nina meza ya ufundi mjini hapa, njia ya kwenda stesheni. Maswali ya kuweka mifumo miwili yameniongezekea tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai vitu ambavyo laptopu nyingi za mtumba hazina, kwa hiyo wenye nazo wanataka Linux pembeni wakati wakijifikiria. Hilo ni jambo jema. Kinachonikera ni kinachofuata pale kitu kinapokwenda mrama. Mtaani tuna dawa moja kwa kila ugonjwa, "kupiga windo", yaani kufuta yote na kuweka Windows upya. Kompyuta haiwaki? Piga windo. Imeandika maneno ya ajabu? Piga windo. Dawa hiyo huua vitu ambavyo havikuwa vinaumwa, maana kompyuta ambayo butiloda yake imevurugika haijapoteza faili hata moja. Reli ndiyo imekatika. Mizigo iko behewani palepale.

Ili kuliona hilo, fuata mlolongo tangu mwanzo. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, prosesa haijui Windows ni nini. Haijui hata diski ni nini. Inajua anwani moja tu ya kuanzia, na anwani hiyo inaielekeza kwenye chipu ndogo iliyochomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, yenye programu iliyotiwa kiwandani. Programu hiyo inapima memori, inaamsha skrini na kibodi, inaangalia diski zilizopo, halafu inatafuta wa kumwachia kazi. Anayeachiwa naye anamtafuta wa kumwachia. Kila mmoja anamjua jirani yake wa mbele tu. Ndiyo maana kosa dogo la mtu mmoja katika mstari huo linafanya mashine nzima ionekane maiti.

Programu hiyo ya kwenye mazabodi ni ya aina mbili, ya zamani iitwayo BIOS na ya sasa iitwayo UEFI. Wengi wetu bado tunaziita zote BIOS, hata mimi nikiwa kazini. Lakini ukitaka kuweka mifumo miwili, tofauti yake ndiyo shughuli yenyewe.

BIOS ni mzee asiyesoma. Anaichukua sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, anatazama kama baiti mbili za mwisho ni alama 55 na AA, akiiona anaruka ndani macho yamefumbwa. Katika baiti hizo 512, baiti 446 ni za programu, 64 ni za jedwali la patisheni, yaani orodha ya vipande ambavyo diski imegawiwa, na mbili ni hiyo alama. Jedwali lilikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, na kwa kuwa lina nafasi nne tu za baiti 16 kila moja, diski ya mtindo huo haiwezi kuwa na patisheni kuu zaidi ya nne, wala haihesabiki kupita TB 2 hivi. Ama baiti 446 za programu, ni kama meseji tatu tu za simu. Programu ya ukubwa huo haiwezi kuchora menyu wala kufungua folda. Inaweza kufanya jambo moja: kumwita jirani mwenye akili zaidi.

GRUB, butiloda inayokuja na Linux nyingi, imelitatua hilo kwa kujigawa vipande vitatu. Cha kwanza kinajibana kwenye zile baiti 446. Cha pili kinakaa kwenye nafasi tupu iliyo kati ya sekta ya kwanza na patisheni ya kwanza, ardhi isiyo na hati. Cha tatu, ambacho ndicho chenye menyu na orodha ya mifumo, kinakaa ndani ya patisheni ya Linux yenyewe, kwenye folda ya /boot/grub. Shika hicho cha tatu, maana ndicho kilichomleta mwalimu mezani kwangu.

Alikuja jioni, laptopu imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hii nimeambiwa diski imekufa, niifute yote nianze upya. Humo ndani mna matokeo ya watoto ya miaka minne."

Nikamuuliza aliifanyia nini kabla haijagoma. Akasema hakuifanyia chochote, jibu ambalo mafundi wote tumelizoea. Nikaiwasha. Skrini nyeusi, mistari miwili: *error: no such partition*, na chini yake *grub rescue>*. Nikauliza tena, taratibu, kama aliwahi kuwekewa Linux. Hapo akakumbuka. Mpwa wake alimwekea wakati wa likizo, likizo ikaisha, mpwa akarudi chuoni. Mwalimu akaona kwenye Windows kuna patisheni kubwa isiyofunguka, isiyo hata na herufi. Akaifuta apate nafasi.

Kwa hiyo alikuwa ameondoa kipande cha tatu cha GRUB na kuviacha viwili vya mwanzo. BIOS ilimwita wa kwanza, wa kwanza akamwita wa pili, wa pili akabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa. Windows yenyewe ilikuwa salama kwenye patisheni yake, haijaguswa, ila hapakuwa na mtu wa kuiita. Nikachomeka flashi ya Windows, nikachagua njia ya kutengeneza badala ya kuweka upya, nikafungua dirisha la amri na kuandika bootrec /fixmbr. Amri hiyo inaandika programu ya Windows kwenye zile baiti 446 na kuliacha jedwali la patisheni lilivyo. Haikufika dakika kumi, na nyingi ya hizo zilikuwa za kuisubiri flashi.

Kuna wakati neno *grub rescue* linatokea na patisheni ya Linux ipo, ila namba yake imebadilika baada ya mtu kugawa diski upya. Hapo hapahitajiki flashi. Andika ls, zitatokea patisheni zote, mfano (hd0,msdos5). Kagua moja moja kwa ls (hd0,msdos5)/boot/grub mpaka uione inayofunguka. Kisha andika set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub, halafu insmod normal, halafu normal. Menyu inarudi. Ukishaingia Linux, endesha grub-install na update-grub ili jambo hilo lisijirudie. Angalia tu kwamba GRUB huhesabu diski kuanzia sifuri na patisheni kuanzia moja. Sijawahi kukutana na mtu asiyekosea hapo mara ya kwanza.

UEFI ni mtu mwingine kabisa. Ilianzia Intel miaka ya mwisho ya 1990, ikaja kuitwa EFI, mwaka 2005 ikakabidhiwa kwa umoja wa makampuni, na ilipofika Windows 8 mwaka 2012 ndipo ikawa kawaida kwenye laptopu za dukani. Huyu anasoma. Anajua kufungua patisheni ya mtindo wa FAT na kutafuta faili kwa jina lake. Kwa hiyo kila diski inatengewa patisheni ndogo kwa kazi hiyo, mara nyingi MB 100 tu ikiwa imetengenezwa na Windows, na ndani yake kila mfumo una folda yake kama wafanyabiashara wenye vizimba sokoni. Windows inakaa EFI\Microsoft\Boot na faili lake ni bootmgfw.efi. Ubuntu inakaa EFI\ubuntu na faili lake ni shimx64.efi. Hakuna anayemwandikia mwenzake juu. Halafu kwenye chipu ya mazabodi kunatunzwa orodha: wa kwanza aitwe nani, akikosekana aitwe nani.

Hapo panatokea malalamiko ninayoyasikia kuliko yote: "Nilikuwa na menyu, Windows ikajisasisha, menyu ikapotea, Linux imefutwa." Haijafutwa. Windows imejipandisha juu ya orodha, basi. Ingia kwenye setingi za mazabodi (kwa Dell bonyeza F2 mashine inapowaka, kwa HP bonyeza Esc kisha F10), tafuta mpangilio wa kuwaka, ipandishe "ubuntu" juu ya "Windows Boot Manager". Ukiwa ndani ya Linux iliyowashwa kwa flashi, amri ya efibootmgr itakuonyesha orodha hiyohiyo na kukuruhusu kuipanga. Zipo laptopu kaidi zinazoipandisha Windows kila zinapowashwa, hata ukipanga vipi. Kwa hizo nimezoea kumfundisha mwenye mashine kitufe cha kuita menyu ya mazabodi yenyewe, F12 au F9 kutegemea na mtengenezaji, na kuachana na ubishi.

Ukumbuke pia kwamba orodha inakaa kwenye mazabodi, haiko kwenye diski. Ukihamisha diski kwenda mashine nyingine, orodha haihami nayo. UEFI isipokuta jina inalolijua hutafuta faili la akiba, EFI\BOOT\BOOTX64.EFI, na hilo ndilo linalowashwa pia unapochomeka flashi ya kuwekea mfumo.

Sasa kosa kubwa zaidi, lile linalofanya mtu aweke Linux vizuri kabisa, bila hitilafu yoyote, na bado asiweze kuifikia Windows. Reli ya Mjerumani iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 ina upana wa milimita 1,000. SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435. Behewa la moja halipandi nyingine hata ulisukume. BIOS na UEFI ni hivyo. Mashine nyingi za kipindi cha kati zinaweza kuwaka kwa njia zote mbili, na flashi ile ile huweza kuonekana mara mbili kwenye menyu, jina moja likiwa na neno UEFI mbele yake na jingine halina. Ukichagua lisilo nalo wakati Windows yako iliwekwa kwa UEFI, GRUB itajiweka kwa mtindo wa mzee, na ikishaamka kwa mtindo huo haiwezi kuiwasha Windows ya mtindo mpya. Usibahatishe. Ndani ya Windows endesha msinfo32 usome mstari wa "BIOS Mode": utaandikwa UEFI au Legacy. Ndani ya Linux ya flashi angalia kama ipo folda ya /sys/firmware/efi. Ikiwepo, umewaka kwa UEFI. Hata Rufus, programu ya kuandalia flashi, inakuuliza GPT (mgawo wa diski wa mtindo mpya) au MBR (ule wa zamani), nalo ni swali hilohilo limevaa kanzu nyingine.

Kabla ya kugusa patisheni yoyote kuna mlinzi wa kuulizwa. Laptopu nyingi za sasa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, wakati mwingine bila mwenyewe kujua. Ufunguo wake unatunzwa na chipu ya usalama ambayo hupima kila hatua ya kuwaka, na ikiona hatua imebadilika hukataa kuutoa. Windows itakusimamisha ikidai namba ya tarakimu 48. Hapa kauli yangu kwamba mafaili yapo inahitaji nyongeza: yapo, lakini yamefungwa, na bila namba hiyo hakuna fundi wa kuyafungua, awe wa Tabora au wa Tokyo. Endesha manage-bde -status kwenye dirisha la amri uone kama diski imefungwa. Ikiwa imefungwa, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, uitafute namba hiyo, uiandike kwenye karatasi. Karatasi, si kwenye laptopu hiyohiyo.

Secure Boot watu huiogopa bure. Kazi yake ni kukataa butiloda isiyo na sahihi inayotambulika. Ubuntu na Fedora, Linux nyingine, wamelimaliza hilo: shim, ile programu ndogo inayotangulia GRUB, imetiwa sahihi na Microsoft, nayo ndiyo inayoikagua GRUB. Usiizime kwa mazoea. Utakapoona shida ni pale draiva ya nje, mara nyingi ya Wi-Fi, inapohitaji kusajiliwa. Unapoweka mfumo utaombwa nywila, na mashine ikiwaka tena utaletewa skrini ya buluu yenye neno "Enroll MOK". Watu wengi huipita haraka haraka, halafu wanakuja kulalamika kuwa Linux haina Wi-Fi.

Halafu kuna Fast Startup, ambayo mimi naizima kwenye kila mashine ya mifumo miwili kabla sijauliza kitu kingine. Ukiizima Windows ikiwa na hiyo, haizimi. Inaandika sehemu ya hali yake kwenye diski na kulala jicho moja wazi, ili kesho iamke haraka. Linux ikija kufungua patisheni ya Windows inakuta mwenyewe kama bado yumo ndani, inakataa kuandika, na ni haki yake. Andika powercfg /h off ukiwa na mamlaka ya msimamizi.

Mpangilio wenyewe wa kazi hauna maajabu. Nakala za mafaili kwenye diski ya nje kwanza. Punguza patisheni ya Windows ukiwa ndani ya Windows, maana ndiyo inayojua wapi imeficha vitu vyake. Weka Linux kwenye nafasi iliyoachwa, ukitumia patisheni ya UEFI iliyopo bila kuifomati. Kama Linux ya flashi haioni diski kabisa, tazama kwenye setingi za mazabodi kama diski imewekwa RAID badala ya AHCI (namna mbili za mashine kuongea na diski), lakini usiigeuze ghafla, maana Windows itaamka na skrini ya buluu. Iandae kwanza iwake kwa hali ya usalama. Kanuni ya Windows kwanza na Linux baadaye inatoka zama za BIOS, pale Windows ilipokuwa ikiandika sekta ya kwanza bila kubisha hodi. Kwa UEFI si lazima, ila inakupunguzia safari moja ya kwenda kupanga orodha.

Mwisho wa kazi huenda ukaona menyu ya GRUB haina Windows. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB kwa kawaida yake haitafuti tena mifumo mingine yenyewe. Fungua faili la /etc/default/grub, weka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, endesha sudo update-grub. Windows itatokea. GRUB yenyewe haijui kuiwasha Windows. Inamwita tu bootmgfw.efi na kujiondoa, stesheni inayokuelekeza kwenye stesheni nyingine.

Mwalimu alirudi wiki iliyofuata kutaka ile Linux ya mpwa wake irudishwe, safari hii akijua ni nini. Nikaiweka. Siku mbili baadaye akanipigia simu: saa tatu asubuhi, yuko darasani, Windows inamwambia ni saa kumi na mbili. Mashine ina saa moja ndogo kwenye mazabodi. Linux huiweka saa hiyo kwa majira ya dunia, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Windows huisoma kana kwamba ni majira ya hapa. Kila ukitoka Linux, Windows inarudi nyuma saa tatu mpaka ipate intaneti ya kujirekebisha, na pale shuleni intaneti ni ya kubahatisha. Nikamwambia aingie Linux, aandike timedatectl set-local-rtc 1, azime, awashe Windows na airekebishe saa kwa mara ya mwisho.

Jioni akapita mezani. Akatazama skrini, akatazama saa yake ya mkononi, akasema bado kuna tofauti ya dakika mbili. Hiyo ni ya saa yake.